Mtoto wa Saumu Aitwe Nani?

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Kisa hiki nitawapa chote isipokuwa mwisho wake. Mwisho mtautoa ninyi.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mnyamisi, mwanamke wa Kizigua, mpiga zeze. Kipawa chake kilikuwa masikio. Alitembea kijiji hadi kijiji na zeze aliloachiwa na marehemu mumewe, na kila alipofika mahali hakuimba kwanza. Aliomba siku tatu za kusikiliza. Alikwenda kukaa mtoni, akapanda kilimani, akasimama katikati ya mahindi upepo ukipita, watu wakadhani ana kichaa kidogo. Siku ya nne aliwaita wote, wakubwa kwa wadogo, akawafundisha wimbo wa mahali pao: ndege wao, mawe yao, mto wao. Lakini kuimba peke yake hakukubali hata kwa sahani ya wali. "Wimbo wa mtu mmoja ni kikohozi," alisema. "Itikieni, au nifunge zeze langu niende zangu."

Wa pili ni Mzee Shebuge wa Kwemlasha ya Juu. Kipawa chake kilikuwa neno. Hakuwa mwenyekiti wala shehe, lakini akisema "twendeni," watu waliondoka kabla ya kuuliza wapi.

Wa tatu ni Singano wa Kwemlasha ya Chini, mrina asali. Huyu kipawa chake kilikuwa msitu. Alijua kila mti wenye mzinga, alijua mvua kwa harufu, na nyuki walimtambaa mikononi bila kumdunga. Kusema hakujua sana, na kuimba ndiyo kabisa. Wenzake walipoitikia nyimbo za Mnyamisi, yeye alikaa pembeni akitikisa kichwa taratibu.

Hao ndio watatu. Lakini mzigo wa kisa hiki ulimwangukia mtu wa nne, naye ni Saumu, mke wa Singano.

Kwemlasha ni kijiji cha milimani, kimepasuliwa vipande viwili na korongo lenye maporomoko ya maji. Juu wanakaa watu wa Juu, chini wanakaa watu wa Chini. Maji ni mamoja, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana kila kiangazi watu wa Juu waliuziba mfereji, na maharage ya watu wa Chini yakakauka yakiwa na maua.

Mwaka mmoja, wiki ileile mfereji ulipozibwa, Sihaba, binti pekee wa Mzee Shebuge, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Siku mbili mtoto hakutoka. Wakamlaza kwenye machela wampeleke hospitali. Njia ya kwenda barabarani hupita katikati ya Chini, na wabebaji walipofika hapo mabega yalikuwa yamechubuka. Mzee Shebuge akaomba wanaume wa Chini wawapokee.

Hakuna aliyenyanyuka.

Singano alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameegemea kizingiti. Saumu alikuwa ndani, nyuma yake. Aliona Mzee Shebuge akimtazama mumewe, macho kwa macho, kwa muda mrefu. Aliona mumewe akiinamisha uso. Wabebaji wakainua machela tena wenyewe, wakaenda wakipumzika kila baada ya hatua ishirini. Sihaba alikata roho kabla ya kuiona barabara, na mtoto tumboni.

Juu ya kaburi la mwanawe Mzee Shebuge aliapa kwamba hakuna mguu wa Juu utakaoshuka kwa jambo lolote la watu wa Chini, liwe la heri au la shari. Na neno la Shebuge mnalijua. Kwa miaka mitatu watu hao walizikana na kuozana kila upande peke yake.

Katika hali hiyo ndipo Mnyamisi alipofika, akapokelewa Chini, kwenye nyumba ya Saumu. Akaomba siku zake tatu. Akapanda msituni mpaka chemchemi, akashuka akiufuata mto, akarudi amelowa hadi kiunoni na uso umemng'aa. Wimbo alioutunga ulianzia juu na kuteremka, kwa kuwa maji ndivyo yaendavyo. Sikilizeni:

Jabali latona, tone moja moja,
Tone ni dogo lakini laenda.
Shuka na maji, mwana, shuka na maji.

Hondohondo wagombana mkuyuni,
Wapite kushoto, usiwaamue.
Shuka na maji, mwana, shuka na maji.

Mito miwili yasalimiana,
Mweusi si wetu, mwekundu ni wetu.
Shuka na maji, mwana, shuka na maji.

Na beti nyingine, za mianzi inayolia kama mlango mbovu, za jiwe lenye mgongo wa ng'ombe, mpaka kuzifikia nyumba. Watu wa Chini waliuimba wakilima, wakichota maji, wakibembeleza watoto. Sauti ilivuka korongo. Watu wa Juu walijifanya hawasikii, lakini baada ya wiki mbili watoto wao walikuwa wakiuimba wakienda kuchunga, na mama zao wakiwakataza huku wenyewe wakiunong'ona jikoni.

Aliyeupenda kuliko wote alikuwa Siwema, binti wa Saumu na Singano, wa miaka tisa. Kutwa kucha alimsumbua baba yake.

"Baba, nipeleke nikalione jabali linalotona."

"Ni mbali."

"Bibi Mnyamisi mzee amefika. Mimi mwenye miguu mizima nishindwe?"

Saumu, mwenye mimba ya miezi minane, hakutaka. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya milimani iko kwenye mifupa, na ukungu mwezi huo hauna adabu. Lakini shule ilikuwa imefungwa, na Singano alikuwa na mizinga ya kukagua. Jumanne asubuhi alinusa hewa mlangoni, akasema, "Leo kutakuwa kweupe." Akamchukua mtoto, wakaondoka.

Msitu uliokuwa haujawahi kumdanganya ulimdanganya siku hiyo.

Ukungu ulishuka adhuhuri, mzito, mweupe kama uji. Jioni hawakurudi. Alfajiri ya Jumatano wanaume waliingia msituni kuwatafuta, lakini mtu hakumwona aliyemtangulia hatua tatu. Wawili kati yao walipotea, ikawa kazi kuwatafuta hao kwanza. Wakatoka mikono mitupu.

Mnyamisi akamwambia Saumu, "Mwanangu, macho hayafai leo. Tumpe mtoto kitu cha kusikia. Wimbo anaujua wote. Akiusikia atajua aelekee wapi, na maneno yatamkumbusha njia."

Wakakusanyika ukingoni mwa korongo, watu wa Chini wote, wakaanza kuimba. Mnyamisi aliongoza kwa sauti ile yake kavu, inayopasua. Waliimba asubuhi nzima. Saumu alisimama katikati yao, mikono juu ya tumbo, akaitikia mpaka akagundua jambo lililomkata maini. Maporomoko yalikuwa yanaimeza sauti. Ilipanda hadi kwa watu wa Juu tu, ikafia hapo. Huko msituni kusingefika kitu.

Na kulikuwa na sehemu moja tu ambayo sauti yake ilipita juu ya maporomoko na kuingia msituni moja kwa moja. Kila mtu aliijua. Hakuna aliyeitaja.

Saumu akajifunga kanga tumboni, akapanda.

Alimkuta Mzee Shebuge uani kwake, ameketi kwenye kigoda akichambua maharage ya mbegu. Mkewe, Mama Sihaba, alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliendelea kuchambua. Baadaye sana akasema, "Marahaba. Umepanda na mimba hiyo?"

"Nimepanda, baba. Mwanangu Siwema yuko msituni na baba yake tangu jana. Tunaimba, lakini sauti yetu inamezwa na maji. Ya huku ndiyo inayofika."

"Tunawasikia tangu asubuhi. Nilijua kuna msiba. Hakuna harusi inayorudia wimbo mmoja mara mia." Akatupa harage bovu pembeni. "Siku ile ya machela, Saumu, wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema alikuwa shambani. Angeweza kusema alikuwa kwao. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa.

"Nilikuwa ndani, baba. Nyuma ya mlango. Niliona yote."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Mzee Shebuge akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Saumu akaketi chini, pale pale penye maganda ya maharage, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kutoka chini aliisikia sauti ya Mnyamisi, nyembamba, ikianza ubeti wa kwanza upya. Adhuhuri ikapita. Majirani walichungulia wakarudi. Hakuna aliyempa maji.

Ilipokaribia alasiri mlango ulifunguliwa. Mzee Shebuge alitoka amevaa kofia yake ya kwendea mazishi. Alipanda juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, unaotazamana na msitu, akaita kwa sauti ambayo watu hawakuwa wameisikia kwa miaka mitatu.

"Watu wa Juu! Njooni!"

Wakaja.

Mkewe akamfuata mpaka chini ya mwamba. "Shebuge," alisema, "uliapa juu ya kaburi la mwanangu."

"Niliapa."

"Na yule ni mtoto wa nani? Si wa mwanamume aliyekutazama ukiomba akainamisha uso?"

"Ni wa huyo huyo."

"Basi ukifungua kinywa, mimi na wewe tumeishia hapa."

Alimtazama mkewe. Kisha akaugeuzia uso ukungu, akaimba: *Jabali latona, tone moja moja.* Na watu wa Juu, ambao hawakuwahi kufundishwa wimbo ule na mtu, wakaitikia bila kukosea hata neno. Kule chini Mnyamisi alipowasikia alinyamaza mara moja, kisha akawapokea. Juu wakaimba ubeti, Chini wakaitikia. Saumu alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na kwamba hataki kukisikia tena maisha yake yote.

Sasa twendeni msituni. Haya nisemayo aliyasimulia Siwema mwenyewe.

Ukungu uliposhuka walikuwa wamesimama chini ya jabali. Singano alimshika mtoto mkono, wakaanza kurudi, naye akakanyaga ukoka juu ya mwamba uliolowa, akateleza, akaanguka chini ya genge la mwamba. Siwema alisikia mfupa ukilia. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Siwema akateremka kwa makalio mpaka alipo baba yake, na hapo wakakaa, usiku ukaja ukapita, yeye kifuani mwa baba na koti juu yao. Baba alimwambia asilale. Katika kumzuia asilale alimsimulia habari za nyuki, na habari za mdogo wake atakayezaliwa. "Akiwa wa kike," alisema, "mwambie mama yako aitwe Mwantumu, jina la mama yangu. Wewe ulichukua jina la upande wa mama. Sasa ni zamu yetu."

Kesho yake kutwa hawakusikia kitu ila maji na ndege wale, hondohondo. Baba alianza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka, na Siwema akadhani amepona. Alasiri mtoto akainua kichwa.

"Baba, wanaimba."

Singano alisikiliza. Mwanzoni hakuamini. Kisha akaitambua sauti iliyokuwa ikiongoza.

"Hao ni watu wa Juu," alisema. "Huyo ni Mzee Shebuge." Na Singano, ambaye Siwema hakuwahi kumwona akilia, alilia.

Kisha akavua koti, akamvalisha binti yake, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akabaki na shati.

"Shuka na wimbo," alimwambia. "Ukifika penye mito miwili unajua cha kufanya?"

"Mweusi si wetu, mwekundu ni wetu."

"Haya. Usigeuke nyuma."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitakuja na watakaokuja kunichukua. Mwambie Mzee Shebuge nimemsikia."

Siwema hakutaka. Alimshika shingo akagoma. Ikabidi Singano amfokee, yeye asiyefoka, amwambie, "Toka! Unanichosha!" Mtoto akaondoka akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Aliupita mkuyu wa hondohondo kushoto. Penye mito miwili ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ilibidi ainame mpaka kwenye maji, atazame mawe kwa karibu, na akatambua mekundu. Kila alipopotewa alisimama akasikiliza, na kila aliposikiliza sauti zilikuwapo.

Jua likielekea kuzama alitokea kwenye shamba la juu kabisa la watu wa Juu, koti likiburuzika chini. Wa kwanza kumfikia alikuwa Mzee Shebuge. Alimbeba mikononi, akamshusha mteremko wote mpaka Chini, yeye na watu wake, wakapita mahali palepale ambapo machela ilitua siku ile.

Wanaume wa Juu na wa Chini wakaingia msituni pamoja, na taa na kamba. Giza na ukungu vilikuwa vimeshikana. Mnyamisi, juu ya mwamba wa Mzee Shebuge, hakuacha kuimba nyuma yao, ili wasipotee, na ili Singano asikie kwamba wanakuja. Wengine walichoka wakaketi, yeye hakuketi. Kulipopambazuka Alhamisi ukungu uliinuka, nao wakamkuta chini ya genge, ameegemea mwamba, mikono ameikunja kifuani. Aliyemgusa wa kwanza alisema kwapani bado palikuwa na joto.

Palikuwa na joto. Neno hilo lilikaa kijijini kuliko matanga yenyewe.

Walimzika Ijumaa, Juu na Chini pamoja. Siku hiyo Mnyamisi alifungua kinywa aongoze, na hakikutoka kitu. Walidhani ni uchovu. Wakampa asali na tangawizi, wakampeleka hospitali, daktari akamchungulia kooni akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imekufa. Mpaka leo ananong'ona tu, na aliyekaa upande wa pili wa mkeka hamsikii. Kutembea vijiji kukaishia hapo. Zeze likatundikwa nyumbani kwa Saumu, na mwenyewe akabaki hapo, akiosha vyombo, akimchana nywele Siwema.

Mama Sihaba naye alitimiza neno lake. Alifunga nguo zake akarudi kwa kaka yake, na Mzee Shebuge akawa anajipikia.

Siku thelathini na tisa baada ya mazishi Saumu alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele.

Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, na hupewa jina moja. Mwenye jina, hai au maiti, huwa somo yake: akiwa hai ana haki ya kumlea, akiwa amekufa husemekana hajaondoka. Saumu alikuwa ameshaamua moyoni, Mwantumu, kama marehemu alivyoagiza. Lakini siku ya sita jioni Mzee Shebuge aliteremka peke yake, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Saumu," alisema, "sijaja kudai. Neno kudai silitaki. Watu wangu walitaka kukudai mbuzi, nikawanyamazisha. Nimekuja kuomba jina. Mwite Sihaba. Mwanangu hakuacha mtoto. Nikifa mimi, hakuna atakayelitamka jina lake duniani. Labda na mama yake, akisikia kuna Sihaba anayelia kijijini, atarudi."

Kabla Saumu hajajibu, mama yake Singano, Bibi Mwantumu mwenyewe, akasema kutoka pembeni, "Na mwanangu? Mtu amekaa usiku kucha na mguu uliovunjika, neno lake la mwisho mlitupe? Alivua koti, Shebuge! Angebaki nalo angekuwa hai."

"Najua, dada."

"Hujui! Saumu alikaa uani kwako tangu kabla ya adhuhuri. Ungeimba alipofika, mtoto angetoka mapema, na mwanangu angechukuliwa mchana. Ulikuwa unachambua maharage!"

Mzee Shebuge akainamisha uso. Saumu alipouona uso ule ukiinama, aliukumbuka mwingine ulioinama mlangoni.

"Kweli," alisema mzee. "Kila siku nazihesabu saa hizo. Lakini na mwanao angebeba machela siku ile, nisingekuwa na cha kufikiria. Ningeimba kabla Saumu hajafika."

Bibi Mwantumu akafunika uso kwa kanga.

Hapo Siwema, aliyekuwa amejikunyata penye mlango wa chumba, akasema, "Mimi nataka aitwe Mnyamisi."

Wakamgeukia.

"Kila nilipopotea nilisikia sauti ya Mzee, na nilipokaribia nikasikia ya Bibi kwa mbali. Bila wimbo wake nisingejua mto upi. Na sasa hana sauti, hana mtoto, na hawezi kurudi kwao. Kila mtu hapa ana kaburi la kwenda kulia. Yeye ana nini?"

Mnyamisi akatikisa mkono kukataa, akanong'ona, na ikabidi Saumu amwinamie ili asikie.

"Usinipe kitu, mwanangu," alinong'ona. "Ni wimbo wangu uliompandisha mtoto mlimani. Alitaka kuliona jabali. Nisingekuja hapa, mumeo angekuwa anarina asali leo."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo." Akamtazama mtoto mchanga aliyelala, akamgusa kisigino kwa kidole kimoja. Saumu aliona jinsi alivyomtazama. Hakuna mwanamke anayemtazama hivyo mtoto asiyemtaka.

"Nami pia kuna neno la baba sijalisema lote," Siwema akaongeza. "Jina la Bibi Mwantumu alilisema usiku, kabla watu wa Juu hawajaimba. Alipomsikia Mzee Shebuge alilia. Hakusema tena habari ya jina. Alisema tu, mwambie nimemsikia. Sijui kama angebadilisha. Sikumuuliza."

Shehe wa kijiji, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya maandalizi, alijaribu kusema kwamba mtoto anaweza kupewa majina yote matatu. Bibi Mwantumu akamjibu kwamba mtoto hana vichwa vitatu, na Mzee Shebuge, kwa mara ya kwanza siku ile, akakubaliana naye: jina la kugawana halina mwenyewe.

Siku ya saba ikawadia. Uwanja wa Saumu ulijaa. Watu wa Juu waliketi upande mmoja, watu wa Chini upande wa pili, na katikati palikuwa na nafasi ya mkeka mmoja tu, nyembamba, ambayo watoto walikuwa wameanza kuivuka. Nyuma kabisa, penye njia, alikuwa amesimama Mama Sihaba. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyejua kama amekuja kusikiliza au kuthibitisha kwamba hakuna cha kusikiliza.

Bibi Mwantumu alikuwa ameketi na koti la mwanawe mapajani, limefuliwa, limekunjwa. Mnyamisi alikuwa jikoni, amekataa kutoka.

Saumu akatoka na mtoto. Alikuwa hajalala. Alikuwa amepima na kupima tena. Aliyetunga wimbo ndiye aliyeiweka njia, na wimbo huohuo ndio uliompandisha mtoto. Aliyekusanya sauti alivunja kiapo na nyumba yake, naye alichelewa saa ambazo hazirudi. Aliyevua koti alitoa uhai wake, naye ndiye aliyesimama mlangoni siku ya machela. Na Saumu mwenyewe alikuwa nyuma yake, kimya. Akiondoa mmoja wao, Siwema hayupo. Kila alipomwendea mmoja moyoni, wawili waliobaki walimtazama.

Shehe akamwadhinia mtoto, akamwinamia mama, akauliza taratibu, "Anaitwa nani?"

Saumu akavuta pumzi.

Nami naishia hapo, maana nisemalo mimi si hukumu. Mmewaona wote watatu, na mmemwona mama. Anasubiriwa. Jina ni moja, na likishatamkwa halirudishwi. Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe uliyejificha nyuma unafuta macho: mtoto yuko mikononi mwako sasa. Utamwita nani, na wale wawili utawaambia nini?